Mwezi ni uleule, lakini maji yana saa nyingine: kutembea kando ya Blackwater na Crouch

"Kaka, salaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na huu ni mwaka wa tano tunaishi Chelmsford, Uingereza. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 12, wamechoka kukaa ndani. Mume wangu amenunua ramani ya rasi ya Dengie, ile iliyo kati ya mto Blackwater na mto Crouch, tuanze kutembea huko Jumapili. Nchi yenyewe ni tambarare, hakuna kilima, kwa hiyo naona haina taabu. Lakini jirani ameniambia tope la kule linameza watu na maji yanakuja mbio kama farasi. Mimi nimelelewa na bahari, bamvua nalijua. Kwetu maji yakipwa tunashuka pwani saa 4 asubuhi, tunachokoa pweza mpaka karibu na adhuhuri, na nafikiri nifanye hivyohivyo na wanangu hapa. Kuna hatari gani nisiyoijua? Tena kwenye ramani ng'ambo ya Crouch kuna njia imechorwa baharini kabisa, na wenzake mume wangu kazini wanamtaka waende wakaitembee. Njia ya umma inapitaje majini? Vinamasi vile havina malaria? Na bi mkubwa wangu anakuja Julai, magoti yanamsumbua. Naye nimpeleke wapi?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Yote uliyouliza nitayajibu, lakini kilichonifanya niache kazi nyingine nikujibu leo ni jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika, bila wasiwasi wowote, kwamba utashuka na watoto saa 4 asubuhi kama kwenu. Tafadhali usifanye hivyo. Siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, saa 4 asubuhi, kwenye pwani ya Dengie, maji hayajapwa. Yako katikati ya kujaa, tena katika saa zake za mbio. Kila kitu ulichofundishwa na wazee wako Wete kuhusu bahari ni kweli, isipokuwa saa.

Nieleze kwa nini, maana ukilielewa hili mengine yote yatakaa sawa.

Kwetu Pemba, Unguja, Tanga, Mombasa, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama karibuni, maji hujaa kama saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa 4, asubuhi na usiku. Wanawake wanaokwenda kwenye mwani na watoto wanaokwenda kuchokoa pweza hawahitaji jedwali. Wanahesabu tarehe za mwezi: siku mbili tatu za mwanzo, na kuanzia tarehe 15 hadi 17 hivi, ndiyo bamvua; tarehe 8 na 9, na 22 na 23, ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Mtu aliyekulia hapo anafika mahali anaamini kwamba saa 10 ya kujaa ni amri ya mwezi wenyewe, kwamba popote duniani bamvua likija maji yatajaa saa hiyo.

Mwezi na jua ndio wanaoamua siku ya bamvua, na siku hiyo ni moja Wete na Essex. Saa inaamuliwa na kitu kingine: njia ambayo maji yanapita mpaka yakufikie. Maji yanayojaa Blackwater yanatoka bahari ya Atlantiki, yanazunguka juu ya Scotland, yanashuka pwani yote ya mashariki ya Uingereza, bandari baada ya bandari, ndipo yanafika Dengie. Ni safari ndefu, na kila mahali pana saa yake ya kupokea wageni hao. Kwenye mlango wa Blackwater na wa Crouch, bamvua hujaa kati ya saa 6 na saa 7 mchana kwa saa za Greenwich, na tena usiku wa manane. Kupwa kunaangukia saa 12 au saa 1, asubuhi na jioni. Sasa piga hesabu: maji yakianza kurudi alfajiri, saa 4 asubuhi wewe na watoto mtakuwa katika saa ya tatu au ya nne ya kujaa.

Na saa hizo mbili ndizo mbaya. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja kutoka kupwa hadi kujaa. Wavuvi na mabaharia wa huku hugawa kimo chote cha maji mafungu 12: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la Blackwater lina kimo cha karibu mita 5, kubwa kidogo kuliko la kwetu. Kwa hiyo katika saa ya tatu peke yake maji yanapanda mita 1 na robo, kifua cha mtoto wako wa miaka 12 au zaidi.

Hapo utambarare uliousifu unageuka. Mlima unachosha, lakini unakupa mahali pa kukimbilia. Mbele ya rasi ya Dengie, maji yakipwa, tope linaanikwa kwa kilomita mbili tatu, na mteremko wake huuoni kwa macho. Chukua mfano wa tope linaloshuka mita 1 kwa kila mita 500. Maji yakipanda mita 1 na robo kwa saa, ukingo wake unasogea mita 600 na kitu ndani ya saa hiyo, yaani mita 10 hivi kila dakika. Mtu mzima anatembea haraka zaidi ya hapo, hata mtoto, kwa hiyo maneno ya farasi aliyokuambia jirani yako si sahihi kwa pwani hii, nami sitaki uwatishe watoto kwa jambo lisilo kweli.

Basi kwa nini watu wanashikwa? Kwa sababu ya hori, yaani vijito vinavyopitisha maji ya bahari. Tope lile na majani ya chumvi, yale yanayoota nyuma yake penye kufikiwa na maji ya bahari, yamekatwakatwa na hori ndogo, zinazojipinda kama mizizi ya mkoko. Maji hayaji kama mstari ulionyooka kutoka baharini. Yanapita kwanza kwenye hori, kwa sababu ndizo zilizo chini, nayo yanaingia kimyakimya mpaka nyuma yako. Wewe umeinama unatazama kaa, mbele yako tope ni kavu mpaka upeo wa macho, na hori uliyoiruka asubuhi kwa hatua moja sasa ina maji ya kiuno na kingo zinazoteleza. Huko kwetu ungejua, kwa sababu unaijua kila hori kwa jina lake. Hapa huna hata moja.

Sasa tope. Halimezi mtu mzima mzima, ondoa picha hiyo kichwani. Linachofanya ni kushika, na kushika kwenyewe kunatosha, kwa sababu maji yanafuata. Tope la mito hii ni vumbi laini mno lililochanganyika na maji. Likitulia, chembe zake zinashikana na juu panaonekana pagumu, pana hata mistari ya mawimbi. Ukilikanyaga, mshikano unavunjika na linakuwa uji. Ukisimama, uji ule unaganda tena, safari hii ukiwa umeuzunguka mguu wako. Ukivuta mguu kwa nguvu moja kwa moja juu, chini ya unyayo hapana hewa, kwa hiyo tope linauvuta mguu kama mdomo unavyofyonza embe. Kadiri unavyopambana na mguu mmoja, ndivyo uzito wote unavyouzamisha wa pili.

Liliwahi kunipata. Ilikuwa mwezi wa Septemba, kando ya hori moja ya Blackwater, niliposhuka kwenye tuta linalozuia bahari hatua kumi tu kumpiga picha ndege aitwaye sululu. Hatua ya nane nikazama hadi kwenye goti la kulia, na nilipojaribu kujinasua nikazama la kushoto. Nakumbuka harufu ya yai viza iliyopanda, na sauti: tope la huko halina kelele, linatoa mlio mdogo wa mapovu kila unapotikisika. Nilikaa chini makusudi. Nikauweka mkoba nyuma yangu nikaulalia kwa mgongo, uzito ukaenea. Kisha nikaanza kuuzungusha mguu mmoja polepole, kisigino kushoto, kisigino kulia, nikiyaachia maji yaingie pembeni, mpaka mguu ukatoka na gambuti likabaki. Wa pili ulichukua muda mrefu zaidi. Nilirudi kwenye tuta kwa tumbo, soksi mbili, na maji yakiwa bado mbali. Yangekuwa karibu sijui kama ningekuwa na utulivu ule.

Kwa hiyo wafundishe watoto sasa, nyumbani, kwenye zulia: ukishikwa, usivute, kaa, lala chali, tanua mikono, zungusha mguu polepole, acha kiatu. Na anayesimama pembeni asiingie kumsaidia, asije wakashikwa wawili. Apige 999, namba ya dharura, papo hapo aombe Coastguard, walinzi wa pwani, ambao ndio wenye vifaa vya tope. Southend, kusini kidogo ya hapo, kituo cha waokoaji kina hata hovakrafti kwa kazi hiyo. Usisubiri kuona kama mtajitoa. Kupiga simu mapema na kukuta umeshatoka si kosa, na hakuna atakayekukasirikia.

Nimekutia hofu ya kutosha. Nikuambie upande wa pili, kwa sababu ningependa sana muende.

Njia yenyewe haipiti kwenye tope. Inapita juu ya tuta la bahari. Karibu rasi yote imezungushiwa tuta la udongo lenye majani juu, na ukisimama pale unaona mambo mawili kwa pamoja: mkono mmoja mto au bahari, mkono wa pili mtaro wa maji na mashamba ya ngano. Siku ya bamvua simama hapo saa 7 mchana utazame vizuri. Utaona maji upande wa bahari yako juu kuliko shamba upande wa pili. Ndiyo kazi ya tuta. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, upepo wa kaskazini ulisukuma maji ya bahari ya Kaskazini kusini juu ya bamvua, matuta yakavunjika pwani yote ya mashariki, watu 307 wakafa Uingereza na zaidi ya 1,800 Uholanzi. Matuta unayoyakanyaga leo yaliinuliwa na kuimarishwa baada ya usiku ule. Ukibaki juu yake katika hali ya hewa ya kawaida, maji hayakufikii, yawe ya bamvua au mafu. Hii ndiyo sheria moja ninayoomba muishike kama familia: tuta ni barabara, na kushuka kwenye majani ya chumvi au tope ni safari nyingine kabisa inayohitaji mwenyeji.

Sheria ya nchi nayo inakubaliana na hilo. Uingereza ina njia ya pwani ya taifa iliyotokana na sheria ya mwaka 2009, na inapita kwenye rasi hii. Sheria hiyo huwapa watu pia nafasi ya kutembea kati ya njia na maji, lakini sehemu nyingi za tope na majani ya chumvi zimeondolewa kwenye ruhusa hiyo kwa sababu hazifai kutembewa. Fuata vishale: cha manjano ni njia ya miguu, cha buluu hupitiwa pia na farasi na baiskeli.

Kuna mahali tuta limekatwa makusudi, na ramani ya zamani inaweza kukupeleka ukingoni mwa maji. Usidhani ni uzembe. Majani ya chumvi yanafanya huku kazi ambayo mikoko inafanya kwetu: yanavunja wimbi kabla halijafika kwenye tuta. Mikoko haiwezi baridi ya Essex. Lakini bahari inapopanda na tuta likasimama palepale, majani hayana pa kurudi nyuma, yanakufa, na wimbi linapiga udongo mtupu. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakitoboa matuta mahali pachache na kuiachia bahari shamba: Northey karibu na Maldon mwaka 1991, Orplands karibu na Bradwell na Tollesbury ng'ambo ya Blackwater mwaka 1995. Kubwa kuliko zote ni Wallasea, kwenye mto Crouch mkabala na Burnham, ambako waliinua ardhi kwa zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye njia mpya ya treni chini ya London, kisha mwaka 2015 wakaifungulia bahari. Nunueni ramani mpya, na mkikuta kibao kinachowageuza, geukeni.

Niende kwenye njia ya baharini, maana hapo nina msimamo.

Inaitwa Broomway, iko Foulness, ng'ambo ya Crouch. Inaanzia Wakering Stairs, inatoka mamia ya mita baharini juu ya mchanga wa Maplin, inakwenda sambamba na kisiwa, inarudi nchi kavu mbele, karibu kilomita 10. Jina lake limetokana na mafagio: walichomeka vifungu vya vijiti mchangani kuwa alama. Mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1922, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya wakazi wa Foulness kwenda bara kwa miguu na mikokoteni, na inasemekana imeua zaidi ya watu 100. Vijiti havipo tena. Ukungu ukishuka, mchanga na mbingu vinakuwa rangi moja na mtu anatembea kuelekea baharini akidhani anarudi nyumbani. Isitoshe, pale ni eneo la jeshi la majaribio ya silaha. Hufungwa, na vibao vinaonya usiguse chochote kwa sababu kinaweza kuwa bomu ambalo halijalipuka.

Umeuliza njia ya umma inapitaje majini. Kisheria Broomway ni njia ya umma kweli, na ramani imeichora kwa sababu hiyo tu. Ramani inakuambia kwamba, jeshi likiwa halijafunga, hakuna mwenye haki ya kukuzuia kupita. Haikuambii kwamba maji yatakuruhusu. Mume wako na wenzake kazini wakitaka kwenda, waende na kiongozi anayeifanya kazi hiyo, siku iliyo wazi, wakiwa wamemwuliza yeye saa ya kuondoka badala ya kuikisia. Kama hakuna kiongozi, mwambie shemeji yangu asubiri, hata kama wenzake wanasema mmoja wao aliwahi kwenda. Mara moja haimfanyi mtu mwenyeji. Na watoto hapana.

Malaria: hapana, hakuna maambukizi huko leo. Lakini swali lako lina historia nzito kuliko unavyodhani. Kwa karne nyingi vinamasi hivi vya Essex vilikuwa na homa ya vipindi, watu wakitetemeka na kutoka jasho, na ilikuwa malaria yenyewe, ikienezwa na mbu anayezaa kwenye maji ya chumvichumvi. Iliisha kadiri vinamasi vilivyokaushwa, nyumba zilivyoboreka na kwinini ilivyopatikana. Siku hizi kitu cha kuangalia kwenye nyasi ndefu za tuta ni kupe. Valisheni watoto suruali ndefu zilizoingizwa kwenye soksi, na jioni wakagueni nyuma ya magoti, kwapani na nyuma ya masikio. Kupe akishika, mng'oeni kwa kibano chembamba karibu na ngozi, kwa kumvuta juu taratibu. Msimpake mafuta ya taa wala moto. Katika wiki zinazofuata, hata ndani ya miezi 3, ukiona duara jekundu linalotanuka kwenye ngozi, au mtoto akapata homa na uchovu usioeleweka, nendeni kwa daktari wenu na mtaje kupe. Huo ni ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe, nao unatibika vizuri ukiwahiwa.

Na chaza, kabla hujaniuliza, kwa sababu mtaziona: msiokote. Sehemu nyingi za Blackwater zina mashamba ya chaza yenye wenyewe, na chaza mbichi huwekwa kwanza kwenye maji safi kabla ya kuuzwa kwa sababu mito inapokea majitaka.

Sasa muende wapi? Kwa kuanza na watoto ningechagua Bradwell. Mnaacha gari mwisho wa barabara, mnatembea kama mita 800 kwenye njia iliyonyooka katikati ya mashamba, na mbele yenu panasimama jengo moja la mawe, peke yake, na bahari nyuma yake. Ni kanisa dogo la Mtakatifu Petro, lililojengwa na askofu Cedd aliyefika kwa bahari kutoka kaskazini karibu mwaka 654, juu ya ukuta wa ngome ya Warumi, kwa mawe na matofali ya ngome hiyohiyo. Kwa muda mrefu lilikuwa ghala la shamba, mpaka 1920 lilipofanywa tena nyumba ya ibada. Wewe umetoka kwenye pwani ya magofu ya mawe, Ras Mkumbuu na Chwaka. Waonyeshe watoto namna mawe ya jengo moja yanavyohamia jengo jingine, wataelewa. Kisha mnapanda tuta na kuzunguka kuelekea Bradwell Waterside, mkipita kituo cha nyuklia kilichoacha kuzalisha umeme mwaka 2002. Mbele ya ncha ya rasi mtaona matishari ya chuma yaliyozamishwa kwa safu. Yaliwekwa kuvunja wimbi lisile majani ya chumvi. Kuna ukingo wa makombe ya baharini mbele ya kanisa, mweupe, unaovutia kuukimbilia. Kuanzia machipuko hadi mwisho wa kiangazi ndege hutaga juu yake, na mayai yana rangi ya makombe hasa, hamtayaona kabla ya kuyakanyaga. Utazameni kutoka mbali.

Mkitaka kwenda kwa treni, shukeni Althorne mtembee juu ya tuta la Crouch mpaka Burnham, nusu siku kwa mwendo wa watoto, na Burnham pana chakula na treni ya kurudi. Nimeipenda hiyo kuliko zote kwa familia kwa sababu mtoto akichoka safari ina mwisho unaojulikana. Angalieni tu kwenye ramani kama kuna kipande kinachoshuka ufukweni. Hapo msipite maji yakiwa yamejaa.

Tuta refu la mashariki, kutoka Bradwell hadi Burnham, liacheni kwanza. Ni zaidi ya kilomita 25, hakuna duka, hakuna choo, hakuna mti wa kivuli, na katikati hakuna barabara ya kukatisha safari. Hali ni nzuri kwa mtu mzima mwenye viatu vizuri na maji ya kutosha. Mtoto wa miaka 9 atalia kilomita ya 12, na kurudi ni sawa na kwenda. Desemba ndiyo kabisa: jua linazama kabla ya saa 10 jioni na upepo wa bahari ya Kaskazini hauna kinachouzuia.

Kuhusu siku ya kuchagua, hesabu yako ya mwezi bado itakufaa, ila igeuze. Siku za bamvua maji yatajaa mchana, yatakuja mpaka miguuni mwa tuta, na ndege wote waliotawanyika kwenye tope watasukumwa karibu nanyi. Fikeni muda wa saa mbili kabla ya kujaa, mkae. Kuanzia Oktoba hadi Machi mtaona bata bukini weusi waliotoka Siberia kwa maelfu, na sululu, yule yule mwenye mdomo uliopinda anayetembea kwenye fukwe za kwetu msimu wa kaskazi. Siku za maji mafu ndipo tope linaanikwa mchana, zuri kwa kutazama kutoka juu. Jedwali la maji lisomeni kila mara, msikariri. Mengi yanaandikwa kwa saa za Greenwich, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba lazima muongeze saa 1. Tena jedwali halijui upepo. Likitabiriwa dhoruba la kaskazini, maji yatapita kimo kilichoandikwa. Siku hiyo kaeni nyumbani, na onyo la mafuriko likitoka msiende hata kutazama.

Bi mkubwa mpeleke Maldon. Usimpandishe kwenye matuta, ngazi zake na vivuko vya uzio si vya magoti mabovu. Maldon pana barabara ya kutembea kando ya Blackwater, imesakafiwa, ina viti, na mashua kubwa za zamani zenye matanga ya rangi ya kutu zimefungwa gatini. Ataziangalia kwa jicho la mtu wa Wete. Akijisikia vizuri siku nyingine, mpeleke Heybridge Basin, mwendo mfupi kwa gari. Pale unaishia mfereji uliofunguliwa mwaka 1797, ambao mwanzo wake uko hapohapo kwenu Chelmsford, na lango la mwisho la mfereji ndilo linalotenganisha maji matamu na maji ya bahari. Chagua siku ya bamvua mwezi wa Julai, mfike saa 6 mchana kwa saa ya ukutani, mkae kwenye kiti juu ya lango. Mbele yenu patakuwa na tope na mashua zilizolala ubavu. Mchukulieni chai kwenye chupa, kwa sababu atataka kubaki mpaka maji yainue mashua ya mwisho.